Joto Lililohamia kwa Mtani

Redio ilikoroma, ikakohoa, kisha ikatoa sauti ya Mhehe.

"Nyie Wangoni! Maji yenu ya kuogea mnamwagia nani?"

Eufrasia Komba, mkuu wa Kituo cha Pazia, alikuwa na uji mdomoni. Aliumeza polepole, maana mtani hajibiwi haraka. Ukimjibu haraka anajua amekuchoma.

"Mhehe," akasema, "kwenu mmejua lini kwamba maji ni ya kuogea?"

Kicheko kikaja kutoka ng'ambo ya mgongo wa barafu. Huko, kwenye ghuba ya pili, Atilio Kihwele alikuwa mkuu wa Kituo cha Mgongoni. Walikuwa wamekaa jirani miaka sita, kusini kabisa mwa dunia ambako hata jua limesahau kuzama, na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kusalimiana kistaarabu hata siku moja. Babu zao walipigana mikuki, wakashindwa kumalizana, wakaona nafuu vita viwe utani. Utani ukarithiwa kama shamba. Mama yake Eufrasia alipofariki, wenzake wote kituoni walimpa pole kwa sauti za kanisani. Atilio peke yake ndiye aliyelia redioni kama beberu, akidai marehemu ameondoka na jogoo wake na sasa nani atamrudishia. Eufrasia alicheka mpaka machozi yaliyokuwa yamekwama yakapata njia.

"Lakini nasema kweli," Atilio akaendelea. "Huku chini kunachemka. Tangu mlipoinua hilo shuka lenu."

"Kunachemka digrii ngapi?"

"Moja na kidogo. Juu ya sifuri."

"Umepima wapi?"

"Kwenye tundu nyuma ya jiko."

"Ee, basi umepima mchuzi."

Joto la bahari ya kule ni la kusingiziwa. Ukitumbukia humo unakufa kwa baridi kabla hujamaliza kumwita mama yako. Lakini barafu haingoji maji yatoe mvuke. Digrii moja inaitosha. Maji hayo hutoka mbali kaskazini, mazito kwa chumvi, yanatambaa sakafuni mwa bahari kufuata mfereji wao, yanaingia chini ya Barafu Kuu na kuilamba tumbo. Ikilambwa sana itateleza baharini, na siku itakapoteleza, pwani zote za dunia zitajua. Ndiyo maana Baraza la Pwani likasimamisha pazia: kitambaa kigumu, kirefu kama mwendo wa asubuhi nzima, kimeshikiliwa wima na maboya yaliyojaa hewa, kinaziba mfereji kama khanga mlangoni.

Pazia lilizuia. Vipimajoto vilivyokuwa nyuma yake vilionesha hivyo na hakuna aliyebisha. Kilichobaki ni swali ambalo wakubwa walilipita kwa mbali kama mtu apitavyo mbwa aliyelala: joto lililozuiwa lilikwenda wapi? Pazia halili joto. Kompyuta zilisema linatawanyika baharini. Vizuri, lakini nani aliupima mtawanyiko huo? Vipimo vilivyofungwa kwa nyaya huburutwa na milima ya barafu ipitapo. Vile vinavyoelea haviwezi kuibuka kutoa habari, kwa sababu juu yake kuna dari ya barafu. Vinakufa na siri zao. Na hata kimoja kikipona, maji yale hayaendi kama mto. Yanakwenda kwa visulisuli. Leo kisulisuli kinapita hapa, unaandika joto. Kesho kimehama, unaandika baridi. Yupi mwongo, wa leo au wa kesho?

Eufrasia alikuwa amewafundisha hayo vijana wa nchi nne. Kipimo kimoja mahali pamoja si kipimo, ni uvumi.

"Tundu moja halitoshi, Mhehe. Kapime pale maji yanapopita kati ya pazia langu na ghuba yako. Pima mzunguko mzima, kujaa na kupwa. Kama huna chombo, chovya kidole."

"Nichovye?"

"Chovya mpaka kwapani."

"Mngoni, umenituma?"

"Nimekutuma. Na ukirudi bila jibu utaniletea panya wa kuchoma."

"Huku hakuna panya. Ndiyo maana mmekonda."

"Wala mbwa. Ndiyo maana nyie mna njaa."

Akazima redio akiwa bado anacheka, akamalizia uji wake.

* * *

Siku ya tatu yake, asubuhi, Mwinyikai aliingia chumba cha mkuu bila kubisha hodi. Mwinyikai alikuwa msaidizi wake, mhandisi, mtu wa kisiwa cha Jibondo kule Mafia, mpole wa kutembea kama anaogopa kuiumiza sakafu. Mtu wa namna hiyo akisahau hodi, simama.

"Mkuu, pazia linaita."

"Pazia haliiti, baba."

"Ile simu ya majini. Ya wapiga mbizi. Inaita, na hatuna mpiga mbizi yeyote chini."

Walikwenda chumba cha mitambo. Simu ya majini haitumii mawimbi ya redio, kwa kuwa maji ya chumvi huyameza. Inatuma sauti tupu, ipite majini kama nyangumi wafanyavyo. Kwa hiyo kila neno hufika limechelewa, na mwangwi nyuma yake.

"Hodi huku chini," ikasema simu.

Eufrasia akaangua kicheko. "Mhehe! Umeiba simu ya nani?"

"Yangu. Nimo ndani ya Kobe." Kobe kilikuwa chombo chake cha kuzamia, cha mtu mmoja, kilichojaa viraka. "Umenituma, nimechovya. Mpaka kwapani na kupita."

"Uko wapi?"

"Kwenye ule mwanya. Kati ya pazia lako na ghuba yangu. Mngoni, huu ni mlango wa pili! Maji unayoyafukuza wewe yanapita hapa mbio kama yameiba. Yana joto lile lile. Nimekwenda upande huu nikarudi upande ule tangu alfajiri, nikipima njia nzima, siyo tundu moja. Kompyuta zenu zinasema uongo mzuri sana."

Nyuma ya maneno yake kulikuwa na mlio. Chuma juu ya barafu: gugu, gugu, gugu. Kicheko cha Eufrasia kikakatika chenyewe.

"Hicho kinachogonga ni nini?"

Jibu likaja: "Ni mimi. Nimebanwa kidogo. Mkondo umenisukuma chini ya ukingo wa barafu, feni ikatafuna barafu ikashindwa kumeza. Lakini vipimo vyote vinafanya kazi. Nimekaa mlangoni kama bawabu, nawahesabu wanaopita."

"Watu wako wanaweza kukuvuta?"

"Kwa mkondo huu? Kamba ingekatika. Mkondo ungelegea wangenivuta kwa kidole."

Mwinyikai alimtazama mkuu wake. Wote wawili walijua kitu kimoja kinachoweza kuulegeza mkondo ule. Pazia likilazwa, maji yangerudi kwenye mfereji wao wa zamani, na mwanya wa Atilio ungetulia.

"Hewa unayo kiasi gani?" Eufrasia akauliza.

"Ya kuwatosha Wangoni wote. Nyie hampumui, mnanung'unika tu."

"Atilio."

"Aa, umenitaja jina. Mambo yameharibika."

Atilio hakutaja kiasi cha hewa. Mwinyikai ndiye aliyechukua kalamu, akakadiria ukubwa wa Kobe, alfajiri aliyoshukia, na uwezo wa kisafisha hewa cha mtindo ule. Alipomaliza aliusogeza mkono ili mkuu aone. Mzunguko wa maji, kujaa na kupwa, ungekamilika jioni. Hewa ya Atilio isingefika jioni.

* * *

"Tunalaza," Eufrasia akasema.

"Hatulazi," akasema Mwinyikai.

Hakupandisha sauti. Chumba kile cha mitambo kilikuwa na mikono miwili ya chuma, mmoja ukuta huu na mwingine ukuta ule, na waliokijenga walihakikisha mtu mmoja hawezi kuifikia yote miwili. Ilibidi ivutwe pamoja. Na ikivutwa, maboya yote hutema hewa yake, pazia zima linalala sakafuni. Halina nusu. Wala halinyanyuki tena mpaka meli ya kujaza maboya ije, na meli isingepita mpaka kiangazi kingine.

"Mama, sisemi kwa roho mbaya," Mwinyikai akasema. "Huu ndio mwaka wa kwanza Barafu Kuu imetulia. Wa kwanza! Tukiyaachia maji majira yote ya baridi, nani anajua kama itatulia tena? Kwetu Jibondo, makaburi ya babu zangu tunayazuru maji yakipwa. Mama yangu anachutama pale anasoma dua huku anaangalia nyuma."

"Nami nakuuliza. Kama joto linahamia ghuba ya Atilio, barafu ya kule ikiteleza, bahari itauliza maji yametoka ghuba gani kabla ya kufika Jibondo?"

"Hatujui kama linahamia."

"Ndicho anachokipima."

"Basi mwache apime!"

Neno likatoka, likasimama katikati ya chumba kama mgeni ambaye hakualikwa. Mwinyikai alijifunika uso kwa viganja. "Sikuwa na maana hiyo."

"Ulikuwa nayo," Eufrasia akasema, bila ukali. "Hata mimi ninayo."

Maana hesabu ilikuwa mbele yao, haihitaji miwani. Wakilaza sasa hivi, Atilio anapona, lakini kilichopimwa ni nusu ya mzunguko. Na nusu ya mzunguko ni sawa na kumpima mtu uzito mguu mmoja ukiwa chini: maji kujaa kwenyewe husukuma joto upande huu, kupwa hulirudisha upande ule, na usipoona yote mawili huwezi kusema lipi limebaki. Baraza litasema halijaona kitu. Kiangazi kijacho pazia litainuliwa tena, joto litahamia tena kwa jirani, na baada ya leo, Mhehe gani atakubali kuchovya kidole tena?

Wakingoja jioni, watakuwa na kipimo kizima na maiti.

Eufrasia akarudi kwenye simu.

"Mhehe, nisikilize. Nitakuacha upime. Nami huku napima mlango wangu, wewe pima wako, saa zile zile, tuone kama kinachopotea huku ndicho kinachotokea huko. Lakini utakuwa unanitukana."

"Nini?"

"Kila unaponisomea namba, nitukane. Tusi jipya, si la jana. Siku zote unajitapa kwamba una akili ya kututukana mpaka kiama. Haya, nionyeshe."

Kicheko kikaja kikiburuta mwangwi. Alikuwa ameelewa. Hewa chafu ikijaa ndani ya chombo haimuui mtu mara moja. Kwanza humla akili, na yeye mwenyewe hajui kama inaliwa. Atakuambia yu mzima huku anaweka kiatu mfukoni. Kipimo cha hewa cha Kobe kilikuwa kimekufa tangu mwaka juzi, kama nusu ya vitu vya Kobe. Eufrasia hakuwa na chombo kingine cha kumpimia mtu huyu. Ulimi wake tu.

"Digrii moja nukta moja," akasema Atilio. "Mkondo unaelekea kwangu, kasi ya mtu anayekimbia mkutano. Na babu yako, Mngoni, alikuwa jasiri sana. Alikuwa wa kwanza kufika kila vita, na wa kwanza kufika nyumbani."

"Kali hiyo," akanong'ona Mwinyikai, akaiandika namba.

* * *

Ikaenda hivyo. Namba, tusi. Namba, tusi. Mwinyikai akisoma vipimo vya pazia kwenye kioo, Eufrasia akipokea vya mwanya kwa sikio, wanaviweka ubavu kwa ubavu. Na kadiri mchana ulivyosogea, kitu kikaanza kuonekana ambacho mwanadamu hakuwahi kukiona: joto lililokosekana mlango wa kwanza lilitokea mlango wa pili, karibu lote. Kisulisuli kilipogonga pazia, Mwinyikai alihesabu moyoni, na baada ya muda ule ule, simu ilisema: "Moja nukta tatu, limeongezeka."

Mwinyikai aliacha kuketi. Alikuwa amesimama, ameinama kwenye kioo, jasho kwenye paji la uso katika chumba ambacho hata chai hupoa ukiitazama.

"Ni kweli," akasema. "Mkuu, ni kweli, linakwenda kule."

"Nusu ya mzunguko, baba. Usiseme kweli."

Maji yaliacha kujaa, yakaanza kupwa. Hii ndiyo sehemu waliyoihitaji.

"Moja... moja nukta sifuri," Atilio akasema. "Na wewe, Mngoni, pua yako..." Akasita. "Pua yako ni kubwa."

Eufrasia na Mwinyikai walitazamana.

"Hilo ni tusi la mtoto," Eufrasia akasema kwenye simu. "Rudia."

"Ngoja. Ninalo." Gugu, gugu. "Babu yako alikuwa wa kwanza kufika nyumbani."

"Hilo umeshalitumia, Atilio."

"Nimeshalitumia?"

"Asubuhi."

"Basi lilikuwa zuri."

Eufrasia akaenda kwenye mkono wake wa chuma, akaushika, hakuvuta. Chuma kilikuwa baridi mpaka mfupani. Aliuliza kwa macho. Mwinyikai akatikisa kichwa: bado, bado kidogo. Na tazama dunia ilivyo: sasa ndiye aliyekitaka kile kipimo kuliko wote, maana kilikuwa kinamwambia kwamba pazia lililolinda makaburi ya kwao lilikuwa linayachimba kwa upande wa pili.

"Mtani wangu," Eufrasia akaita, "nitukane."

Ikaja sauti iliyonyooka, ya polepole, kama ya mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Mkuu wa Kituo. Mama Komba. Shikamoo."

Risasi isingemshtua Eufrasia vile. Miaka sita! Mtu huyu alikuwa amemwita mwizi, mchawi, mke wa beberu; alikuwa amemzomea mbele ya wajumbe wa Baraza. Hakuwahi kumwamkia.

"Shikamoo, Mama," sauti ikarudia. "Naomba kwa heshima yako usilaze pazia. Ningojee maji yamalize kupwa. Yamebaki kidogo tu. Nusu ya kipimo wataitupa. Wewe mwenyewe ungeitupa."

Na ilikuwa kweli. Angeitupa.

"Unasikia?" Mwinyikai akasema kwa sauti ya chini. "Hayo ni maneno ya mtu mwenye akili zake. Ametoa na sababu."

"Hajawahi kuniamkia."

"Mtu akiaga huwa na adabu, mama. Labda anaaga. Labda ameamua."

"Labda ni hewa chafu inayoniamkia."

"Na kama si hewa? Kama ni yeye, amekaa pale, amepima maisha yake na haya, akachagua? Wewe ni nani wa kumpokonya?"

Ndiyo ile shida ya Eufrasia ya siku zote, sasa imevaa nguo nyingine: sauti moja, mahali pamoja, mara moja. Kisulisuli au mkondo? Angehitaji muda kujua, na muda ndio uliokuwa unaisha. Angemjibu "marahaba", basi. Neno dogo, la kila siku. Lakini alijua kwamba akilitamka atakuwa amekubali kuwa huyu aliyeomba ni mtu mzima mwenye haki ya kuomba, naye amemridhia. Akaufunga mdomo wake.

Gugu. Gugu. Milio ilikuwa inaachana.

"Mama Komba," ikasema simu, ndogo sasa, ya kulalamika kama mtoto mlangoni. "Hukuniitikia."

Mwinyikai akageuka, akatembea mpaka ukuta wa pili kwa miguu ya mtu anayevuka maji, akaukamata mkono wake wa chuma.

"Siwezi kuisikia shikamoo nyingine," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia. "Vuta, mama. Lakini Jibondo utakwenda wewe. Utachutama pale na mama yangu, utamweleza wewe."

"Nitakwenda."

"Kwa mdomo wako."

"Kwa mdomo wangu. Vuta."

Wakavuta.

Hakuna kilicholia. Mtu angetarajia ngurumo, lakini yalikuwa ni mapovu tu, maelfu kwa maelfu, yakipanda kwenye kioo cha mitambo kama maziwa yanayochemka. Pazia lililojengwa na nchi arobaini likapiga magoti, kisha likalala. Eufrasia alikuwa tayari amekamata redio, anawapigia kelele watu wa Kituo cha Mgongoni washuke kwenye ufa wao na kamba na kulabu, wasingoje amri, mkondo unalegea sasa hivi.

Kwenye simu ya majini alizungumza peke yake mpaka sauti ikakauka. Alimtukana Atilio, akamtukana baba yake, akaitukana Iringa mtaa kwa mtaa. Hakukuwa na aliyemjibu.

* * *

Walimtoa akiwa wa bluu, lakini akipumua.

Eufrasia alivuka mgongo wa barafu kesho yake kwa gari la minyororo, akamkuta amelazwa kwenye chumba cha dawa cha Kituo cha Mgongoni, blanketi hadi kidevuni, macho yakiangalia dari. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa na matusi matatu mapya aliyoyatunga njiani. Alipouona uso ule yote yakamtoka.

"Baraza wamejibu?" Atilio akauliza. Hakumwita Mngoni wala Mama.

"Wamejibu. Wanasema kipimo hakikukamilika. Hakiwezi kutumika kuamua."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema ni kweli hakikukamilika."

Atilio akafumba macho. "Kilibaki kipande gani?"

"Kidogo. Mwisho wa kupwa."

"Kidogo," akarudia. "Kiangazi wataliinua tena."

"Wataliinua."

"Na mpaka kiangazi maji yako ndani kwako, yanailamba Barafu Kuu."

"Ndiyo."

Eufrasia alivuta kiti akaketi. Dirishani mwanga ulikuwa ule ule wa saa zote, mweupe, usio na habari. Alikunja mikono mapajani, kisha akaikunjua.

"Atilio, nakuuliza, na leo usinitanie. Uliponiamkia. Ulikuwa wewe, au ilikuwa hewa?"

Mhehe alipomgeukia, macho yake yalikuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Nikikuambia nilikuwa mimi," akasema, "utalala usingizi?"

"Hapana."

"Na nikikuambia sikuwa mimi?"

"Nitalala."

"Basi sikuwa mimi."

Eufrasia akamkagua: pembe za mdomo, kope, kidevu, sehemu zote ambazo kwa miaka sita alikuwa amezoea kuuona mzaha ukijificha. Hakuona mzaha. Hakuona pia kwamba haupo.

"Atilio."

"Nimeshakujibu." Akageukia ukutani, akalivuta blanketi.

Redio ya kifuani mwa Eufrasia ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Mwinyikai, na kwa mara ya kwanza hakuanza na mkuu wala na mama.

"Yamefika," akasema. "Vipimo vya chini ya Barafu Kuu vimeanza kupanda. Nisome?"

Eufrasia aliutazama mgongo ule chini ya blanketi, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka.

"Soma," akasema. "Soma kimoja kimoja."